Namba Uliyoikuta Kabla Hujagusa

Dodoma, Jumapili, saa tisa alasiri

Kwako Yudithi, binti yangu,

Mkono wangu umezoea kuandika kumbukumbu namba juu ya kila karatasi, na hata hii nusura niipe. Nimeifuta. Barua hii haina nakala kwa mkurugenzi, wala haitawekwa kwenye jalada. Ninaiandika mezani tunapolia chakula, mchana mweupe, kwa sababu wewe na mama yako mmekwenda kumuaga shangazi Damari na kuniacha na sanduku lako lililokwisha kufungwa. Mlinisihi tuandamane. Nikawaambia nina kazi ya ofisi. Sina kazi ya ofisi, mwanangu. Nina hofu, na huu ni mwezi wa saba ninaishi nayo bila kuitaja kwa mtu.

Mambo ya blanketi, ndoo, dawa ya malaria na watu wa kuwasalimu, mama yako ameyamaliza vizuri kuliko ambavyo ningeyaweza. Mimi nitakuandikia kuhusu kifaa kimoja tu, ambacho hakizidi ukubwa wa kopo dogo la maziwa, na kuhusu jambo nililolifanya nacho.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda basi la Chemba. Jumanne utaanza kazi yako ya kwanza, fundi msaidizi wa vipimo vya kelele kwenye mitambo ya kusaga kokoto. Utapewa mita ya sauti, utapewa kalibreta ya kuihakiki, na utapewa fomu yenye nafasi ya sahihi chini kabisa. Hiyo nafasi ndiyo inayonitia hofu. Mitambo ina walinzi na uzio. Kwenye ile nafasi ya sahihi hakuna uzio wowote, na mtu anaweza kuingia akiwa anatabasamu, kama nilivyoingia mimi.

Chuoni mmefundishwa kalibreta ni nini. Niruhusu hata hivyo nieleze kwa maneno yangu, maana nimeieleza mbele za watu mara nyingi kwa majivuno na sasa nataka kuieleza mara moja kwa adabu. Mita ya sauti husikia kwa maikrofoni, na maikrofoni ni kitu dhaifu: joto huiyumbisha, vumbi huiziba, muda huichosha. Kwa hiyo kabla ya kupima unaiingiza katika mdomo wa kalibreta, unabonyeza kitufe, na kalibreta inatoa mlio mmoja ambao ukubwa wake umekwisha kujulikana maabara. Ya kwetu hutoa desibeli mia moja na kumi na nne. Mita ikisoma mia moja na kumi na nne, inasikia sawasawa. Isiposoma hivyo, unairekebisha mpaka isome. Kila utakachopima siku hiyo kitasimama juu ya mlio huo wa sekunde chache.

Mtu wa kwanza kunionyesha uzito wake hakuwa mhadhiri. Alikuwa mzee Lazaro wa Mvumi, fundi wa ofisi yetu, ambaye umemsikia nikimtaja bila heshima ya kutosha. Nilipoajiriwa, miaka minne iliyopita, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne na shahada yangu ikiwa bado inanukia wino, yeye alikuwa amebaki na mwaka mmoja na ushee astaafu. Wewe ulikuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimechelewa kusoma kwa sababu nilianza kuwa baba yako nikiwa na miaka kumi na tisa, na mtu aliyechelewa ana ugonjwa wake: hutaka kila mtu aone kwamba amefika.

Safari yetu ya kwanza tulikwenda Bahi kupima mashine ya kukoboa mpunga. Niliacha sanduku la vifaa garini, nyuma ya kioo cha mbele, juani, nikaenda kujitambulisha kwa wenye mashine kwa jina langu lote, pamoja na shahada. Niliporudi, Lazaro alikuwa ameitoa kalibreta, ameifunga kwenye shuka lake na kuilaza kivulini chini ya ukuta.

"Tunaanza?" nikamwuliza.

"Bado. Imepata homa."

"Mzee, watu wanatusubiri."

"Wasubiri. Na wewe keti. Usipokaa wewe, nayo haitulii."

Tulikaa kivulini zaidi ya nusu saa. Wanawake waliokuwa wanapepeta mpunga walitutazama, kisha mmoja akawaambia wenzake, "Wametumwa kutoka mjini kuja kulinda kopo." Walicheka mpaka wakaacha kupepeta. Mimi niliona aibu. Lazaro alicheka pamoja nao, akawaambia kopo hilo lina mshahara mzuri kuliko wake.

Siku ile alinifundisha kuiingiza maikrofoni polepole huku ukiizungusha kidogo, kwa sababu ukiisukuma kwa nguvu hewa iliyonaswa ndani hukandamiza utando wa maikrofoni ambao ni mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Ukifika mwisho, ngoja hewa itulie ndipo ubonyeze. Alinionyesha pete ya mpira iliyo ndani ya mdomo wa kalibreta, akaipitishia kidole. "Ikipasuka hii, sauti inavuja na wewe hujui. Iangalie kila safari." Nilipoona vumbi ndani nikataka kulipuliza kwa mdomo, akanishika bega. "Mate hayo, Injinia." Tangu siku hiyo natumia kitambaa kikavu.

Ningependa barua iishie hapo, Bahi, watu wakicheka. Lakini sikuketi kukuandikia kuhusu aibu ndogo.

Kalibreta ile ya Bahi ilikuwa ya pistoni, ya zamani. Ndani yake kuna vipistoni vinavyopiga hewa, na ukubwa wa mlio wake hutegemea uzito wa hewa ya mahali ulipo. Sisi wa Dodoma tuko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kalibreta ya pistoni iliyohakikiwa Dar es Salaam ikisema mia moja na kumi na nne, hapa kwetu hutoa pungufu ya hapo kwa takribani desibeli moja na sehemu moja ya kumi. Lazima usome kipimahewa, utafute sahihisho, na uirekebishe mita isome ile namba iliyopungua. Wageni kutoka pwani hulisahau jambo hili kila mara. Mimi sikulisahau hata siku moja. Nililipenda. Lilikuwa silaha yangu kwenye mikutano.

Mwaka uliofuata ofisi ilinunua kalibreta mpya. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti anakofanya kazi shangazi yako.

Mwenye kiwanda, Bwana Nurali, ambaye umemwona dukani kwake mjini, aliita upimaji ule kwa hiari yake baada ya wafanyakazi wa sehemu ya kukamulia kulalamika. Alitupokea getini akasema, nami nayakumbuka maneno yake neno kwa neno kwa sababu nimeyarudia mara nyingi mno: "Mimi siyo mtaalamu. Nyinyi mkiniambia kelele imefika kikomo cha desibeli themanini na tano, kesho yake nanunua vikinga masikio vya watu wote na nawapa mapumziko ya kupokezana. Mkiniambia haijafika, basi haijafika."

Mkuu wangu wa kitengo alikuwepo. Lazaro alikuwepo, amebaki na miezi michache. Na shangazi yako alikuwepo, ametoka kwenye mashine na vumbi la maganda nyusini, anawatangazia wenzake: "Huyo ni mdogo wangu huyo! Nimembeba mgongoni! Leo anakuja kutupima, kaeni kama watu!" Mmoja akamjibu, "Tukae vipi, anapima mashine au anapima sisi?" Wakacheka. Unajua Damari alivyo. Unajua pia kwamba miaka yangu minne ya chuo ni yeye aliyekulea wewe.

Tuliingia kwenye ghala la mashudu, mahali pa utulivu, nikaweka vifaa juu ya meza. Niliiingiza maikrofoni polepole, nikangoja, nikabonyeza. Mita ikasoma mia moja na kumi na nne kamili. Haikupungua, haikuzidi.

Hapo, mwanangu, kazi ilikuwa imekwisha. Kifaa kilikuwa kimesema kweli mbele ya watu wanne. Lakini mimi nilikuwa na hotuba. Niligeuka nikamwambia Bwana Nurali, kwa sauti ya darasani, kwamba Dodoma tuko juu, kwamba hewa ya hapa ni nyepesi, kwamba mtu asiyejua angeridhika na namba hii na angepotea. Nikachukua bisibisi ndogo, nikaishusha mita mpaka ikasoma mia moja na kumi na mbili nukta tisa. Mkuu wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Nurali akasema, "Hii ndiyo elimu."

Lazaro alikuwa ameinama juu ya daftari lake. Akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia:

"Injinia, hii mpya nayo inataka lile sahihisho?"

Nikamjibu, na wote wakanisikia: "Mzee wangu, fizikia haibadiliki kwa sababu boksi limebadilika."

Walicheka. Yeye akasema, "Sawa. Mimi kazi yangu kubeba hilo boksi," akafunga daftari.

Kitabu cha maelekezo cha kalibreta ile kilikuwa ndani ya sanduku, bado kwenye mfuko wake wa nailoni. Sikuwa nimeufungua.

Tulipima sehemu ya kukamulia zamu nzima. Matokeo yalikuwa themanini na nne nukta nne. Nikaandika kwenye ripoti: ndani ya kikomo. Jioni, tulipokuwa tunapakia, shangazi yako alinifuata garini. "Kwa hiyo masikio yetu hayana shida, Injinia?" Nikamwambia, "Hayana shida, dada." Akanishika mashavu mbele ya mkuu wangu kama mtoto mdogo. Vikinga masikio havikununuliwa.

Miezi saba iliyopita ulinipigia simu kutoka chuoni. Ulikuwa na zoezi la darasani, ukaniuliza kwa haraka, "Baba, kalibreta yenu ni ya pistoni au ile inayojirekebisha yenyewe?" Nikakuambia nitakuangalizia. Nikatoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa imeandikwa wazi, bila fumbo, kwamba ndani ya kifaa kile kuna maikrofoni ndogo inayousikiliza mlio wake wenyewe na kuurekebisha, na kwamba kwenye miinuko kama yetu hakihitaji sahihisho lolote la hewa. Kilikuwa kimekwisha kulifanya chenyewe. Mimi nikalifanya mara ya pili.

Nilifanya hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha, ingawa haikuhitaji penseli. Kama mita niliishusha kwa moja nukta moja bila sababu, basi kila ilichosoma siku ile kilikuwa pungufu kwa moja nukta moja. Themanini na nne nukta nne ilikuwa themanini na tano nukta tano.

Nikakutumia ujumbe: "Inajirekebisha yenyewe." Ukajibu: "Asante baba, wewe kamusi." Nilikaa na simu ile mkononi mpaka ikazima mwanga.

Sasa nitakueleza mtu mwenye elimu anavyojitetea, ili siku ukiyasikia maneno haya kichwani mwako uyatambue. Nilijiambia desibeli moja si kitu. Nilijiambia mita yenyewe ina mashaka yake ya karibu kiasi hicho hicho, jambo ambalo ni kweli. Nilijiambia themanini na tano ni mstari tu uliochorwa na watu, na kwamba sikio halijui mstari. Hilo nalo ni kweli. Lakini Bwana Nurali alikuwa ameniambia getini kwamba ataamua kwa mstari, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nashika bisibisi. Na chini ya hoja zote hizo, kama mashudu yanavyobaki chini mafuta yakishatoka, palikuwa na sababu ya kweli: mkuu wangu anastaafu mwaka huu na jina langu liko kwenye orodha fupi ya kumrithi. Ripoti ile ya kiwanda imo kwenye maombi yangu. Niliiambatisha mwenyewe kama mfano wa umahiri.

Halafu Pasaka shangazi yako akaja kula kwetu. Ulikuwepo. Uliona alivyogeuza kiti ili sikio la kulia lielekee mezani. Ulimwuliza kwa kupaza sauti, "Shangazi, hilo jingine vipi?" naye akasema panalia tu humo, kama nyenje waliokataa kuondoka, hata kanisani wakati wa sala. Daktari alikwisha kumwambia kwamba kilichopotea hakitarudi. Mimi nilikuwa namkatia nyama. Nikauliza, "Tangu lini?" Akacheka.

"Nani ahesabu? Itakuwa uzee. Maana mashine siyo. Si ulipima mwenyewe ukasema hatuna shida?"

Alilisema kwa upendo, Yudithi. Alikuwa ananitetea mbele yangu. Wewe na mama yako mlicheka, na mimi nikacheka nanyi. Tangu siku hiyo sijaweza kukaa naye chumba kimoja kwa zaidi ya dakika kumi, ndiyo maana leo mmekwenda bila mimi.

Sitakudanganya kwa upande mwingine pia. Damari alikuwa na miaka mingi kwenye mashine zile kabla yangu, na hakuna daktari atakayeweza kusema ni kiasi gani cha sikio lake kilipotea kabla ya ripoti yangu na kiasi gani baada yake. Nimelishikilia hilo kama mtu anavyoshikilia ukingo wa kisima. Lakini kuna miaka mitatu ambayo angekuwa amevaa kitu masikioni na hakuvaa, kwa sababu mimi nilisema hakuna haja. Na bado havai. Kesho asubuhi ataingia zamu bila kitu. Yeye na wenzake wote.

Jana nilikwenda Mvumi kwa Lazaro. Nilimkuta anasuka kiti cha kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa, Injinia," akanisalimu kwa Kigogo. "Leo umekuja bila boksi?"

Niliketi chini. Nikamwambia, "Siku ile kiwandani uliniuliza swali."

"Nimekuuliza maswali mengi. Lipi?"

"La sahihisho. Kwenye ile mpya."

Akaacha kusuka. "Ehe."

"Ulikuwa unajua?"

"Ningejua ningekushika mkono. Sikujua. Ndiyo maana niliuliza." Akaiweka kamba chini. "Wewe nilidhani unajua."

Sikuwa na mahali pa kujificha. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari, lile lile, limefungwa kwa mpira. Akalifungua akanionyesha mstari mmoja kwa mwandiko wake mkubwa: kabla, 114.0, baada, 112.9. Fomu yetu ya ofisi ina nafasi ya namba moja tu, ile ya baada ya kurekebisha, na ndiyo niliyoijaza. Duniani kote, mahali pekee palipobaki ukweli wa siku ile palikuwa kwenye daftari la mzee aliyesema kazi yake ni kubeba boksi.

"Kwa nini uliandika zote mbili?"

"Huwa naandika nilichokikuta. Ukishagusa, huwezi kukikuta tena."

Akachana ukurasa taratibu, akanipa. "Unaogopa?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo. "Ogopa tu. Lakini nenda Jumatatu, usingoje Ijumaa."

Kalibreta utakayoikuta Chemba ni ya pistoni. Uliniambia hivyo mwenyewe kwa furaha baada ya kuongea na mwajiri wako. Hapo hofu yangu inageuka sura. Ninaogopa kwamba baada ya kusoma barua hii utachukia lile sahihisho kwa ajili yangu, na kuliacha mahali linapohitajika. Utakuwa umeniheshimu na umekosea. Hiyo ya pistoni inalitaka. Na usichukue namba ya Dodoma kwa mazoea, maana kule unakokwenda ardhi ina mwinuko wake. Soma hewa ya hapo hapo, siku hiyo hiyo. Kipimahewa kidogo nilichonunua nimekifunga ndani ya sweta lako la bluu. Soma kitabu chake hata kama fundi uliyemkuta atakucheka. Mwulize fundi huyo pia. Na mtu asiye na cheo akikuuliza mbele ya watu, usimjibu papo hapo. Wewe una mdomo wangu. Nimeusikia ukiwajibu wadogo zako, na umenitisha.

Kalibreta usiihifadhi na betri ndani mtakapokaa muda bila kazi, maana betri ikivuja hula shaba. Na ikitimiza mwaka, ipelekwe kuhakikiwa hata kama kila mtu anasema iko sawa. Ya kwetu ilikuwa sawa kabisa.

Nimeandika pia barua nyingine, yenye kumbukumbu namba. Ninaomba ndani yake kiwanda kipimwe upya na mtu mwingine, na ninaeleza kosa kwa mistari sita. Ukurasa wa Lazaro nimeuambatisha. Nimejaribu kuiandika kwa namna ambayo ingeniacha na heshima, nikagundua kila sentensi ya namna hiyo inaongeza mstari wa saba. Mkuu wangu ataikuta mezani saa moja na nusu. Sijui saa nne nitakuwa nani pale ofisini. Utaona hapa chini mwandiko ulivyoharibika, na hukuzoea kuniona hivyo. Nilitaka uondoke nyumbani ukiwa na baba mkuu wa kitengo. Unaondoka na huyu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hujagusa chochote, andika namba uliyoikuta. Iandike hata kama ni mbaya, hata kama ni nzuri kupita matarajio, hata kama fomu haina nafasi, iandike pembeni. Kisha ndipo urekebishe.

Nitakupa barua hii mlangoni pa basi na kukuomba usiifungue mpaka mji uishe. Ukifika hapa kwenye kusoma itakuwa karibu saa moja, nami nitakuwa kiwandani. Nimefikiria sana niingie kwa mlango upi. Bwana Nurali hukaa ofisini, kule mbele, penye utulivu na viti, na ingekuwa rahisi. Lakini Damari yuko zamu ya asubuhi, na yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Nitaingia kwa mlango wa sehemu ya kukamulia, mashine zikiwa zinanguruma. Nitasimama upande wake wa kulia. Sitaweza kumnong'oneza, Yudithi. Itanibidi nipige kelele ndipo anisikie, na wenzake wote wa zamu watasikia.

Ni mimi,
Baba yako